Chai ya Mtu wa Sita

Jina la Jebet lilimtangulia kila alikokwenda, na kwa kawaida lilifika kabla yake likiwa halijatoa hata jasho. Mtu wa Doha akishasikia kwamba yeye ni Mkenya, tena anaitwa Jebet, tena kwao ni ukingoni mwa bonde la Kerio, swali lilikuwa moja tu: wewe ni mkimbiaji? Muuguzi Mfilipino aliyempima damu alimwuliza. Dereva Mnepali wa basi la kampuni alimwuliza kwa kuchezesha viwiko. Hata bibi mmoja mpangaji katika jengo alilolinda kule kisiwa cha The Pearl alishusha miwani, akamtazama miguu, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Si useme tu ndiyo, mambo yaishe," Wanjiru alimshauri. Wanjiru alikuwa mlinzi mwenzake, na kitanda chake kilikuwa mkabala na cha Jebet katika nyumba ya wanawake wa kampuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. "Mimi wakiniuliza kama kwetu tunalima chai, nasema tunalima. Nimezaliwa Nakuru mjini, chai naijua ikiwa kwenye kikombe. Nani ameumia?"

Jebet alicheka, akaendelea kupiga pasi shati lake la kazi. Yeye hakuwa na jibu fupi. Alikimbia, ndiyo. Timu yao ilishinda, ndiyo. Lakini baada ya hapo palihitaji maelezo, na watu wanaouliza maswali kwenye lifti hawana muda wa maelezo.

Mambo yangebaki hivyo kama si Bwana Herbert.

Herbert alikuwa meneja mpya wa walinzi, Mganda aliyekulia Busia mpakani, ndiyo maana Kiswahili chake kilitembea pande zote mbili bila kuonyesha pasipoti. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, na alipenda mpira kama wengine wanavyopenda kanisa. Shuleni alikuwa mshambuliaji wa kati. Mahali fulani kwenye simu yake alikuwa amesoma kwamba watoto wanaocheza michezo huja kuwa watu wa maana makazini, na tangu siku hiyo hakuyaacha maneno hayo yapumzike.

"Mimi nilivyo leo nilitengenezwa uwanjani," aliwaambia walinzi waliopanga mstari kabla ya zamu ya asubuhi. "Uongozi niliupata wapi? Uwanjani. Kuamka mapema? Uwanjani. Sasa sikilizeni. Supavaiza wa jengo hili anarudi kwao mwisho wa mwezi. Nafasi yake nataka kumpa mtu aliyecheza. Tevin, wewe ulicheza?"

"Winga wa kulia, bosi!" Tevin aliitika. Alikuwa kijana wa Nairobi, mwembamba, mwenye meno mazuri na maneno mengi. "Kayole nzima ilikuwa inanijua."

"Nyabo Jebet," alisema, kwa Kiganda cha kumheshimu mwanamke, "nawe? Au nauliza samaki kama anaogelea?"

Wote waliangua kicheko. Jebet alitazama viatu vyake.

"Nilikimbia mbio za nyika, sir. Shule ya msingi."

"Mlifika wapi?"

"Tulichukua kombe la mkoa."

Herbert alipiga makofi mara moja, kama mtu anayeua mbu. "Kombe la mkoa! Mmesikia? Siku ya Michezo kampuni inapeleka timu ya watu sita, kilomita tano. Tevin yumo, Jebet yumo, na mimi mwenyewe nimo. Hapo ndipo nitakapomwona supavaiza wangu."

Hakuuliza Jebet alishika nafasi ya ngapi. Jebet naye hakusema. Basi likawa jambo lililomkaa mdomoni kama kiazi cha moto, halimezeki wala halitemeki.

Nafasi ile aliitaka, na aliitaka kwa sababu moja. Mlinzi wa kawaida alikwenda likizo baada ya miaka miwili. Supavaiza alikwenda kila mwaka. Binti yake, Chelsea, alikuwa na miaka kumi na mmoja, akilelewa na nyanya yake ambaye kule kwao humwita kogo. Likizo iliyopita, Jebet aliposhuka kwenye gari na mizigo yake, Chelsea alikuja mbio mpaka langoni, kisha akasimama. Akajipangusa kiganja kwenye sketi, akampa mama yake mkono, kama mtoto anavyomsalimia mwalimu mgeni. Ilichukua wiki nzima kabla hajamkalia mapajani. Kila Jebet alipokumbuka ule mkono mdogo uliopanguswa, alijua kwamba miaka miwili mingine ni mingi.

*

Usiku wa kuamkia Siku ya Michezo hakuwaza mbio za kesho yake. Aliziwaza za zamani.

Mwalimu wao wa michezo aliitwa Philipo. Alikuwa mtu mrefu asiyepiga kelele, aliyefundisha hesabu asubuhi na kukimbiza watoto jioni, na kwake yeye kazi hizo mbili zilikuwa moja. Kabla ya mbio yoyote aliwakalisha wasichana wake kwenye nyasi, akawauliza swali lilelile: "Leo wanahesabuje?"

Kwa sababu mbio za nyika, aliwaeleza, si za mtu mmoja. Anayefika wa kwanza analeta pointi moja. Anayefika wa thelathini analeta thelathini. Pointi za wasichana sita zinajumlishwa, na shule yenye jumla ndogo ndiyo inayobeba kombe. "Watu watawapigia makofi watatu wa mbele," alisema. "Waacheni wapige. Lakini kombe linakaa miguuni mwa mtu wa sita. Huyo akikaa chini njiani kulia, nyinyi watano mmekwenda kutembea tu."

Mtu wa sita alikuwa Jebet. Hakuwa na kasi, na kijijini kwao hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, kama mtoto wa mvuvi anayeogopa maji. Mjomba wake alikuwa akisema huyu lazima alibadilishwa hospitalini. Lakini Mwalimu Philipo alimchagua mwaka baada ya mwaka, akiwaacha wasichana wawili watatu waliokuwa wepesi kuliko yeye, kwa kuwa Jebet hakuwahi kukaa chini njiani. Alimfundisha kukimbia kwa masikio. "Usigeuke nyuma, kugeuka kunakula pumzi. Sikiliza miguu. Miguu itakuambia nani amechoka."

Tena palikuwa na ile desturi ya chai.

Shule ilipokwenda mashindanoni, mpishi alibeba birika kubwa la chai ya maziwa, amelifunga kwa blanketi kuukuu. Wasichana walifika kwenye utepe wakitetemeka kwa baridi, matope yamewafika mapajani, na birika liko pale pale, likitoa mvuke kidogo kwenye mdomo wake. Lakini Mwalimu alikuwa amekalia kigoda kando yake. Chai haikumiminwa hata tone mpaka mtu wa sita afike.

Siku ya kombe la mkoa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Jerop, nyota wao, alikuwa amefika wa kwanza zamani, amepigwa picha, jasho limempoa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Jebet alipotokea kwenye kona ya mwisho, akiburura kilo za udongo katika kila mguu, aliwaona wenzake watano wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na kikombe kitupu mkononi, wanapiga kelele jina lake kama watu wanaoita mvua. Alivuka utepe, akaanguka magotini. Mtu wa sita wa shule iliyokuwa ikiwafuata kwa pointi alikuwa bado hajaonekana hata kivuli.

Mwalimu Philipo alisimama, akafungua blanketi.

"Sasa mimina," akasema.

Na Jerop, aliyekuwa wa kwanza katika mkoa mzima, alimimina kikombe cha kwanza akampa Jebet.

Jebet alikuwa amekunywa chai nyingi tangu siku ile. Doha yenyewe ilijaa chai. Karak ya barabarani, nzito, yenye iliki, ungeipata kila kona. Hakuna iliyofika pale ile ilipofika.

Aligeuka kitandani. Sita wale walikuwa wapi sasa? Mmoja alikuwa muuguzi Eldoret. Mmoja polisi. Mmoja aliolewa akahamia mbali, habari zake zikakatika. Mmoja alikuwa marehemu. Jerop alikuwa na duka la vyakula njia panda na magoti yanayomsumbua msimu wa baridi. Na wa sita alikuwa Doha, akifungulia watu geti. Uwanja ulikuwa mmoja, mwalimu mmoja, birika moja. Bwana Herbert aliposema michezo humtengeneza mtu, Jebet hakubisha, lakini hakuona ni kwa kipimo gani mtu angesema nani kati yao ndiye aliyetengenezwa vizuri zaidi.

*

Asubuhi ya Februari ilikuwa na baridi nzuri na upepo uliobeba vumbi kidogo. Bustani ilijaa makampuni, kila moja na fulana zake. Wanjiru alikuja kushangilia, amebeba chupa ya karak na filimbi ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi.

"Mami, leo usituaibishe," alimwambia Jebet. "Nimeshawaambia mabinti wa kampuni ya usafi kwamba wewe wana-Olimpiki wanakuogopa."

"Wanjiru!"

"Nimesema kidogo tu."

Tevin alikuwa ameshasogea mstari wa mbele pamoja na vijana wengine watatu wa timu, anarukaruka. Herbert alikuwa amevaa soksi ndefu za mpira na anapepesa macho kama mtoto. Kipaza sauti kilitangaza jambo kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, na upepo ukayala matangazo yote mawili. Hakuna aliyejali. Watu walijua mbio ni nini: unakimbia, ukifika umefika.

Jebet tu ndiye aliyepenya kati ya watu mpaka kwa msimamizi mmoja mwenye kofia nyeupe. Hata yeye hakujua ni yeye anayekwenda au ni miguu tu iliyozoea. Akamwuliza wanahesabuje.

Msimamizi alifurahi kuulizwa. Saa ya kila timu, akamwambia, inasimama mtu wa mwisho anapovuka. Watu sita wote.

"Tevin!" Jebet aliita. "Tevin, ni mtu wa mwisho! Wanahesabu wa mwisho!"

Tevin aligeuka, akampungia mkono kwa tabasamu zuri, na honi ikalia.

Vijana wanne waliruka kama swala. Herbert naye akaruka, kwani roho ya mshambuliaji haizeeki, akakimbia mita mia tatu za kwanza kwa mtindo ambao Busia ingeushangilia. Jebet alianza polepole kama alivyofunzwa. Kabla ya kilomita ya pili alimkuta meneja wake amejishika ubavu, uso umelowa, anatembea.

"Nenda, nyabo!" Herbert alisema, akimpungia apite. "Nenda ukatupe ushindi! Mimi niache hapa, nitakuja."

Jebet alipunguza mwendo. Mbele yake njia ilipinda nyuma ya miti. Angepita hapo, Herbert asingemwona tena. Huko mbele angefika katikati ya wengine, wala si vibaya kwa mwanamke wa umri wake, na kesho yake meneja angeamini alichotaka kuamini. Kombe la mkoa lingebaki kombe la mkoa. Lakini akibaki hapa, kilomita tatu bega kwa bega, mtu yeyote mwenye masikio angesikia kwamba huyu Jebet anahema kama binadamu wengine.

Aliuona ule mkono mdogo ukipanguswa kwenye sketi.

Kisha akasikia miguu ya Herbert nyuma yake, mizito, haina mpango, na masikio yake yakajua kabla yeye hajaamua: huyu atakaa chini.

"Sir," alisema, "saa yetu ni wewe."

"Nini?"

"Wanahesabu mtu wa mwisho. Wale wanne wakifika sasa hivi au kesho ni mamoja. Tunakungoja wewe."

Herbert alisimama kabisa, akamtazama kama refa aliyemnyima penalti. "Banange. Na hawa vijana wamejua?"

"Nimewaita. Usiongee, sir, unamwaga pumzi. Nitakuwa mbele yako. Usitazame mbali, tazama mgongo wangu. Hatua ndogo. Ndogo zaidi. Unakwenda sokoni, huendi kufunga bao."

Wakaenda hivyo. Jebet hakugeuka hata mara moja. Miguu iliponyamaza nyuma yake alipunguza. Ilipopata mdundo aliongeza kidogo, kidogo sana, kama mtu anayemvuta ndama kwa kamba asiyotaka ikatike. Jasho lilimwingia machoni. Kifua kilimwaka, maana alikuwa hajakimbia hivyo tangu utoto, lakini chini ya moto ule palikuwa na kitu alichokitambua, na kwa kitambo kidogo vumbi la Doha likanuka kama udongo mwekundu uliolowa. Bibi mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto aliwapita. Herbert alianza kucheka, Jebet akamkataza kucheka.

Kwenye utepe Tevin na wenzake walikuwa wamekwisha kunyoosha misuli na kupiga picha. Wanjiru alipuliza filimbi mpaka walinzi wa bustani wakaja kutazama. Timu ilishika nafasi ya nne.

"Ya nne?" Tevin hakuamini. "Mimi nimefika wa pili! Wa pili kwa watu wote hawa! Kwa hivyo nimekimbia bure?"

"Si bure," Wanjiru alimwambia. "Umepunga hewa."

Herbert alilala kwenye nyasi, mikono ameitandaza. Jebet aliketi kando. Alikuwa anahema kwa nguvu, na hakujaribu kuficha.

*

Siku iliyofuata Herbert alimwita ofisini. Alitembea kwa kuchechemea, akajishusha kitini kwa hatua tatu. Jebet alibaki amesimama. Alikuwa ameamua kusema kwanza, kabla hajasemewa.

"Sir, nataka kukueleza kuhusu lile kombe la mkoa. Tulilichukua kweli. Lakini mimi sikuwa wa mbele. Nilikuwa wa sita katika timu ya watu sita. Sijawahi kushinda mbio yoyote maishani mwangu."

Herbert alinyoosha mguu wake taratibu.

"Kwani unadhani sikusikia?" akasema. "Kilomita tatu nipo nyuma yako, nyabo. Mkimbiaji bingwa hapumui vile. Ulikuwa karibu kufa kama mimi."

Alimwonyesha kiti kwa kidevu.

"Keti. Nikuulize mimi sasa. Hukugeuka hata mara moja. Nikichoka, unapunguza. Nikipata nguvu, unakwenda. Ulijuaje?"

"Miguu, sir. Inasikika."

"Miguu inasikika," Herbert alirudia polepole, kama anayeonja chakula kigeni. Alisugua goti lake. "Mimi miaka yote nilikuwa mbele nikisubiri mpira. Ulikuwa unakuja. Nani anauleta, amechoka au hajachoka, sikuwahi kuuliza. Lile andiko nililosoma halikufika huko." Akavuta droo, akatoa beji ya supavaiza, akaiweka mezani kati yao. "Tevin ni mzuri. Nitampa nafasi akikua kidogo. Wewe utaanza mwezi ujao. Likizo yako ya kwanza unataka lini?"

"Desemba," Jebet alisema haraka mno, kisha akaona haya.

Alipotoka, Tevin alikuwa kwenye korido, amejifanya anasoma tangazo la zimamoto. "Hongera, madam," alisema. "Kusema ukweli roho imeniuma kidogo."

"Najua. Ungeniambia haijakuuma nisingekuamini."

"Lakini jana uliniita, sivyo? Nikakupungia mkono."

"Ulipunga vizuri sana," Jebet alisema, na wote wawili wakacheka.

Jioni hiyo alimtumia Chelsea ujumbe wa sauti. Jibu lilikuja kuku wakilia nyuma yake: "Mama, Desemba hii? Na Desemba ile nyingine? Kogo anauliza kama ni kweli au ni maneno ya simu." Aliusikiliza mpaka Wanjiru akamwomba avae hedifoni.

Siku yake ya kwanza akiwa na beji, zamu ilipoisha, basi la kampuni lilisimama nyuma ya jengo likinguruma. Walinzi walipanda wakiwa wamechoka, kofia mkononi. Wanjiru alikuwa na chupa ya karak na vikombe vya karatasi; harufu ya iliki ilijaa basi zima. Dereva aliangalia kioo. Jebet alisimama mlangoni, mguu mmoja chini.

"Tumebakisha nani?" Tevin aliuliza.

"Phoebe. Yuko geti la bandari ya boti, ndilo la mbali."

"Huyo msichana mpya? Huwa anakuja na basi la pili. Twende, madam. Chai inapoa."

"Acha ipoe."

Wanjiru, aliyekwisha kuinamisha chupa juu ya kikombe, alimtazama usoni, akaiinua tena bila kuuliza. Dereva akazima injini. Upepo wa baharini ulipita kati ya majengo, na kwa mbali mtu alikuwa anafunga mlango wa chuma. Jebet hakugeuka kutazama. Alisikiliza tu, mpaka ziliposikika buti kwenye lami, nyepesi, zinakimbia, zimechoka lakini hazijasimama.

"Sasa mimina," akasema.